Kufungua au Kubadili: Giaboksi Katika Historia ya Gereji za Afrika Mashariki

Fundi akiitwa kuangalia gari la oto lililogoma kutembea, spana hukaa pembeni kwanza. Anafungua boneti, anachomoa stiki ya kupimia oili ya giaboksi, anaifuta kwa tambara, anairudisha, anaichomoa tena. Anachukua tone moja kati ya kidole gumba na cha shahada, analisugua, ananusa. Oili nzima ni nyekundu na haina harufu ya kutisha. Ikiwa ya kahawia, imechoka. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, pleti za klachi zilizomo ndani zimeshaungua. Na kidole kikimetameta kwa vumbi la chuma, ujue balaa limefika kwenye gia na beringi zenyewe. Hapo fundi anafuta mikono na kumgeukia mwenye gari: "Bosi, tuifungue, au tutafute nyingine?"

Swali hilo husikika Gerezani na Shaurimoyo jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na katika soko la Kisekka mjini Kampala. Huulizwa kwa wepesi, kana kwamba ni hesabu ya bei tu. Lakini miaka arobaini iliyopita hakuna fundi wa Tanzania ambaye angeliuliza, kwa sababu hiyo "nyingine" haikuwapo. Giaboksi iliyokufa ilifunguliwa, au gari likawekwa juu ya mawe. Namna giaboksi ya pili ilivyopatikana, ilikotoka, na ilivyobadili mikono na vichwa vya mafundi, ni sehemu kubwa ya historia ya magari katika ukanda huu, na ni sehemu isiyosimuliwa sana.

Magari yaliyozaa ufundi wa giaboksi hapa yalikuwa ya gia za mkono, na yalikuwa magumu. Chukua Land Rover za miaka ya 1950, zile zilizobeba mabwana shamba, waganga na wakuu wa wilaya. Gia ya tatu na ya nne zilikuwa na sinkro, yaani ringi zinazolinganisha mwendo wa gia mbili kabla hazijaumana. Gia ya kwanza na ya pili hazikuwa nazo. Dereva aliyetaka kushuka gia mlimani alikanyaga klachi, akatoa gia, akaachia klachi, akapandisha mzunguko wa injini kidogo, akakanyaga tena, ndipo akaingiza. Akikosea, meno yalilia mtaa mzima ukasikia. Sinkro si jambo lililokuwa halijulikani. Mmarekani Earl Thompson aliibuni na ikaingia kwenye Cadillac mwaka 1928. Ila gari la kazi la makoloni lilikuja bila hizo kwenye gia za chini, na matokeo yake ni kwamba meno yaliliwa, giaboksi zikafunguliwa mara kwa mara, na kila iliyofunguliwa ikawa darasa.

Waliofungua mwanzoni walikuwa mafundi wa gereji za Wazungu na za Wahindi, wengi wao Kalasinga waliokuwa na mizizi katika ufundi wa reli. Vijana wa Kiafrika waliingia humo kama wasaidizi. Kazi yao ilikuwa kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, kushika taa, kupitisha spana. Hakuna aliyewapa kitabu. Walijifunza kwa macho, na kwa kupanga vipuri juu ya gunia kwa utaratibu ule ule vilivyotoka, ili virudi kinyumenyume bila kimoja kubaki. Wachache walifika kwenye mitihani ya ufundi ya serikali, iliyopanda kutoka daraja la tatu hadi la kwanza. Wengi hawakufika, nao walikuwa mafundi vilevile.

Heshima ya gari kuukuu ilipata shahidi wake mkubwa mwaka 1965. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho aliyewahi kuishi kwa ufundi wa magari, alishinda mashindano ya Safari Rally pamoja na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo PV544. Gari hilo halikuwa jipya. Lilikuwa limeshakimbizwa katika mashindano kabla ya wao kulinunua, na wakaliandaa wenyewe. Timu za viwanda zilizokuja na magari yanayong'aa ziliachwa kwenye matope na gari la mtumba lililofunguliwa na kufungwa na mtu aliyejua kila nati yake. Baadaye Joginder alishinda tena mara mbili, mwaka 1974 na 1976, akiwa na Mitsubishi Lancer.

Peugeot nayo ilijipatia jina katika mbio hizo hizo. Aina ya 404 ilishinda Safari mara nne kati ya 1963 na 1968, na ikageuka kuwa gari la abiria wa mbali, ikifuatiwa na 504. Gia yake ilikuwa kando ya usukani, na hivyo kiti cha mbele kikabeba watu wawili pamoja na dereva. Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zifanye kazi bila leseni maalumu ya usafirishaji mwaka 1973, biashara ilipanuka, na 504 zikaunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers. Gari likiunganishwa nchini, spea zake hufuata. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado wanaiita Grogan kwa jina la mlowezi Ewart Grogan, ilijaa maduka ya beringi, ringi za sinkro na sili za oili zilizouzwa kimoja kimoja. Mwenye matatu ambaye gia ya tatu ilikuwa inaruka hakununua giaboksi. Alinunua kile kilichokufa tu.

Kazi yenyewe ilikuwa wazi kwa macho. Giaboksi ya Peugeot huwekwa mezani, maganda yake mawili yakafunguliwa, shafti zikaonekana zote kwa pamoja. Fundi anazungusha beringi kwa mkono na kusikiliza. Anapitisha ukucha kwenye meno ya gia kutafuta kona iliyomung'unyika. Anabana kwenye jiriwa, anagonga kwa nyundo na kipande cha shaba laini ili chuma kisijeruhiwe. Hakuna kompyuta wala shinikizo la mafuta la kupima. Karibu kila ubovu huonekana, hugusika au husikika. Ndiyo maana mti wa mwembe, meza ya mbao na mnyororo wa kunyanyulia vilitosha kuwa gereji.

Tanzania ilipitia njia nyembamba zaidi. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 uagizaji wa magari uliingia mikononi mwa dola, na shirika la umma la State Motor Corporation likawa mlango wake. Kisha zikaja bei kali za mafuta za miaka ya 1970, vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na ukame wa fedha za kigeni. Jumapili mchana magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani ili kuokoa mafuta. Mabasi ya UDA, shirika la usafiri la Dar es Salaam, yalilala kwa kukosa vipuri. Katika hali hiyo gari halikuwa na umri. Lilikuwa na fundi au halikuwa naye.

Hapo ndipo gereji bubu, zile zisizo rasmi, zilipokomaa. Mwanahistoria Joshua Grace, katika kitabu chake African Motors kilichotoka mwaka 2021, ameonyesha kwa kirefu kwamba mafundi wa Tanzania hawakuwa watu wa kubahatisha waliongoja teknolojia ya wengine. Walikuwa na mafunzo yao, ngazi zao, na viwango vyao vya kazi nzuri. Bushi iliyokosekana ilikerezwa kwa shaba. Shafti iliyolika ilijazwa kwa kulehemu, ikarudishwa kwenye mashine ya kukereza mpaka kipimo kikakaa sawa. Giaboksi mbili zilizokufa zilichanganywa zikazaa moja nzima. Fundi aliyeweza hayo alijulikana mkoa hadi mkoa, na dereva wa lori alikuwa radhi kumngoja wiki nzima.

Ng'ambo ya mpaka, Kenya ilikuwa ikijifunza kuwaona watu wale wale. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu ajira nchini Kenya ilisema wazi kwamba mafundi wa nje ya sekta rasmi walikuwa na tija, na serikali ilipaswa kuacha kuwafukuza. Ilichukua zaidi ya muongo mmoja. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi alifika kwa mafundi wa Kamukunji na kuahidi kuwajengea mabanda ya kujikinga na jua. Mabanda yalikuwa kidogo ukilinganisha na umati, lakini tangu hapo jua kali, jina la mafundi hao, liliingia kwenye hotuba na kwenye sera.

Na wakati ufundi wa kufungua ukianza kuheshimiwa, bahari ilikuwa inaleta kitu ambacho kingeupunguzia kazi.

Kilichotokea kilianzia Japani, kwenye sheria isiyohusu Afrika hata kidogo. Gari la Mjapani hupelekwa kwenye ukaguzi wa lazima uitwao shaken. La binafsi lililo jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi huo ni ghali kwa sababu huandamana na kodi, bima na matengenezo. Hadi mwaka 1995 gari lililopita miaka kumi lilitakiwa kukaguliwa kila mwaka. Mwenye gari akipiga hesabu, aliona nafuu kuliuza na kununua jipya. Magari mazima, yaliyokwenda kilomita chache kwenye lami laini, yakakosa thamani kwao. Japani huendesha kushoto kama Kenya, Tanzania na Uganda, na usukani uko upande ule ule. Kilichobaki kilikuwa ruhusa ya kuyaingiza.

Ruhusa ilikuja kwa vipande. Bajeti ya Tanzania ya mwaka 1984 iliwaruhusu watu waliokuwa na fedha zao nje kuagiza bidhaa bila kuulizwa zilikotoka fedha hizo, na pikapu zikawa miongoni mwa vitu vya kwanza kuonekana mitaani. Rais Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani mwaka uliofuata, milango ilizidi kufunguka. Kenya ililegeza udhibiti wa fedha za kigeni mapema miaka ya 1990. Mwishoni mwa muongo huo Toyota Corolla, Carina na Mark II zilikuwa zimejaa Dar es Salaam na Nairobi, na nyingi hazikuwa na pedeli ya klachi.

Giaboksi ya oto ilikuwa imeshatimiza miaka hamsini ilipofika kwa wingi huku. General Motors iliiuza kwa mara ya kwanza kama kitu cha watu wote mwaka 1939, kwenye Oldsmobile za mwaka 1940, kwa jina la Hydra-Matic, na kiongozi wa kazi hiyo alikuwa yule yule Earl Thompson wa sinkro. Wakati wa vita ilifungwa hadi kwenye vifaru. Konveta, bakuli la chuma lenye mapanga linalopeleka nguvu ya injini kwa kuzungusha mafuta, lilitokana na ubunifu wa Mjerumani Hermann Föttinger wa mwaka 1905, nalo lilikusudiwa meli. Japani iliingia baadaye. Kampuni ya Aisin-Warner ilianzishwa 1969, JATCO mwaka 1970, na kampuni hizo mbili ndizo zilizotengeneza sehemu kubwa ya giaboksi ambazo leo zinashushwa kwa minyororo chini ya miembe ya Afrika Mashariki.

Marekani, oto ilizaa kazi yake mapema. Chama cha watengenezaji wa giaboksi za oto, ATRA, kilianzishwa mwaka 1954, na mtandao wa gereji za AAMCO ukafuata. Huko palikuwa na watu ambao tangu asubuhi hadi jioni walifungua giaboksi tu, wakiwa na seti za pleti, geji za kupimia shinikizo na vitabu vya kila aina. Hata oili yake ina historia ya peke yake: ya zamani ilichanganywa mafuta ya nyangumi aina ya spemu ili pleti zisishikane kwa kishindo, na Marekani ilipomweka nyangumi huyo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini mwaka 1970, viwanda vililazimika kubuni oili mpya, na giaboksi zikalipa gharama ya majaribio hayo.

Ufundi huo haukuvuka bahari pamoja na magari. Fundi wa Gerezani aliyekuwa bingwa wa Land Rover na Bedford alifungua oto yake ya kwanza akakuta ulimwengu mwingine. Kuna gia za sayari, yaani gia ndogo zinazozunguka moja iliyo katikati. Kuna pleti za klachi nyembamba zilizopangwa kama kumi na zaidi, na bodi ya valvu yenye vijia vingi ambavyo uchafu wa ukubwa wa punje ya mchanga unatosha kuviziba. Ubovu wake hauonekani kwa ukucha wala hausikiki kwa sikio. Sehemu ya kuifungulia inatakiwa iwe safi, na gereji bubu iko mahali penye vumbi. Seti nzima ya pleti na sili ilipaswa kuagizwa mbali, kwa bei isiyozoeleka.

Kwa upande mwingine wa mizani paliwekwa giaboksi nzima kutoka Japani. Magari yasiyouzika kule yalikatwakatwa, injini na giaboksi zikapakiwa kwenye makontena. Mengine yalipitia maeneo ya viwanda ya Sharjah, ambako masoko ya vipuri vilivyotumika yamekuwa njia panda ya wafanyabiashara wa Mombasa, Zanzibar na Kariakoo, katika ile safari ya zamani ya Ghuba na pwani ambayo majahazi yaliizoea kabla ya makontena. Sheria ya Japani ya urejelezaji wa magari, iliyoanza kutumika kikamilifu Januari 2005, ilizidisha msukumo: mwenye gari hulipa ada ya kuliharibu, lakini likisafirishwa nje ada hiyo inarudishwa.

Fundi alipopima, jibu lilikuwa dhahiri. Kufungua ni siku nyingi, hatari nyingi na pleti zisizopatikana. Kubadili ni siku moja, au mbili kama sehemu ya chini ya gari ina kutu. Wanaowalaumu mafundi kwamba waligeuka wafungaji badala ya watengenezaji wanawakosea haki. Walifanya hesabu sahihi kwa kilichokuwapo sokoni.

Lakini biashara ya giaboksi ya mtumba ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Dukani Shaurimoyo zimepangwa juu kwa juu, nyeusi kwa oili, kila moja na alama ya rangi ya mwenye duka ili mteja asije kurudisha ya mtu mwingine. Haziwezi kujaribiwa hapo. Odometa ilibaki kwenye gari lililokatwa Japani, kwa hiyo hakuna ajuaye zimekwenda kilomita ngapi. Fundi hodari hufanya anachoweza. Anaingiza kidole palipotoka konveta na kuangalia rangi ya oili iliyobaki, anazungusha shafti asikilize, analinganisha plagi za nyaya na zile za giaboksi ya zamani, anasoma namba ya aina. Namba ni muhimu kuliko sura. U340E ya gia nne ilifungwa kwenye Vitz, IST na Corolla nyingi za miaka ya 2000, lakini mbili zinazofanana kwa nje zaweza kutofautiana kwenye soketi au mauntini. Muuzaji anatoa siku chache za kujaribu. Ikigoma, anaibadilisha, kazi ya kuishusha na kuifunga upya analipia mwenye gari, na gharama hiyo ndiyo watu wengi husahau kuiweka kwenye hesabu yao ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo enzi hizo za haraka zilifunika. Giaboksi nyingi zilihukumiwa kifo zikiwa na ugonjwa mdogo. Solenoidi moja iliyokufa, waya uliotafunwa na panya, kihisi cha mwendo kilichoacha kusoma, chujio lililoziba: kila moja kati ya hivyo huweza kulifanya gari ligome kupanda gia, au libaki kwenye gia moja ya usalama mpaka injini izimwe. Mafundi wasio na mashine ya kusoma kompyuta waliona dalili na kutangaza giaboksi nyingine. Ile ya zamani iliachwa gerejini, ikauzwa vipande au ikaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Ni chuma kizuri kiasi gani kilichoyeyushwa kwa sababu ya waya!

Nyingine ziliuawa na mazoea ya magari ya mkono. Gari la mkono likizima, linasukumwa likawaka, au linafungwa kamba na kuvutwa hadi nyumbani. Oto za mwanzo za Marekani zilikuwa na pampu ya pili ya oili nyuma, iliyozungushwa na magurudumu, hivyo ziliweza kusukumwa. Pampu hiyo iliondolewa kwenye giaboksi za baadaye. Iliyobaki inazungushwa na injini peke yake. Injini ikizima, hakuna oili inayozunguka. Kuvuta gari la oto kwa kamba kutoka Chalinze hadi Dar es Salaam magurudumu yanayoendeshwa yakiwa chini ni kuisaga giaboksi kikavu. Tatizo la umeme la asubuhi likawa giaboksi iliyokufa jioni.

Maji nayo. Kwenye magari mengi oili ya giaboksi hupozwa na kijirejeta kilichomo ndani ya rejeta kubwa. Gari lililojazwa maji ya bomba miaka nenda miaka rudi badala ya kipozeo halisi huota kutu hapo, ukuta unatoboka, na maji yanachanganyika na oili mpaka inatoka kama chai ya maziwa. Pleti zimetengenezwa kwa nyuzi zinazofyonza maji, na gundi yake huachia. Katika hali hiyo swali la kufungua au kubadili halina mjadala mrefu, ila anayefunga giaboksi nyingine bila kubadili rejeta ataiua hiyo nayo.

Kwa nini basi mtu aweke pesa kwenye gari lililokwenda kilomita laki tatu? Huko Marekani ushauri wa kawaida ni kulinganisha gharama ya matengenezo na thamani ya gari. Ikikaribia, achana nalo. Hesabu hiyo haifai hapa, na sababu ni sheria na kodi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Uganda ilipiga marufuku magari yenye miaka kumi na tano au zaidi kwa sheria ya mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango, ila inayatoza magari makuukuu ushuru wa ziada wa uchakavu. Kila hatua kati ya hizo inalenga kuzuia magari mabovu, na kila moja inalipandisha bei gari kuukuu ambalo tayari limo nchini. Toyota ya miaka ishirini, ambayo Japani ingelipiwa ili iondolewe, bado inanunulika vizuri Mwanza au Eldoret. Mwenye nayo akilinganisha giaboksi ya mtumba na bei ya gari mbadala, pamoja na ushuru, bandari na usajili, giaboksi hushinda karibu kila mara.

Karibu, si kila mara. Fundi mwaminifu huanza na injini. Je, inakula oili? Inatoa moshi wa buluu asubuhi? Kisha anaingia chini kutazama kutu, hasa magari ya Mombasa, Tanga na Unguja ambako chumvi ya bahari haina huruma. Giaboksi nzuri nyuma ya injini inayokufa ni pesa iliyogawanywa vibaya, na wapo wateja waliobadili giaboksi mwezi huu na injini mwezi ujao, kisha wakauza gari kwa hasira. Wapo pia mafundi wanaokataa kumbadilishia mtu oili kwenye giaboksi iliyokwenda sana, wakisema ile chafu ndiyo inayoishikilia. Lakini giaboksi inayokufa wiki moja baada ya kuwekewa oili safi kwa kawaida ilikuwa na pleti zilizokwisha kabla ya hapo. Dawa ilikuwa kuibadili oili mapema, kilomita laki moja na nusu nyuma, wakati hakuna aliyekuwa akiifikiria.

Tangu magari ya miaka ya 2000 yaanze kuingia, mizani imeanza kuyumba tena. Mengi yana giaboksi za CVT, zisizo na gia za hatua bali mkanda unaopanda na kushuka kati ya puli mbili. Wazo lake lilifika sokoni mwaka 1958 kwenye gari dogo la DAF la Uholanzi, kazi ya Hub van Doorne, wakati huo likiwa na mikanda ya mpira. Mkanda wa chuma ulikuja baadaye, na Wajapani wakaupenda. CVT haisamehe oili isiyo yake. Mafundi waliozoea kumimina oili nyekundu ya aina yoyote walijifunza hilo kwa fedha za wateja. Hata viwanda vilipata shida: Nissan iliongeza dhamana ya CVT zake nchini Marekani hadi miaka kumi au maili 120,000 kwa magari ya 2003 hadi 2010. Mitaani Nairobi sifa ilienea haraka, na hadi leo kuna wanunuzi wanaouliza kwanza kama gari ni la CVT kabla ya kuuliza bei.

Na giaboksi ya mtumba haichomekwi tena kama zamani. Katika CVT nyingi za karibuni, takwimu za vipimo vya bodi ya valvu zimehifadhiwa kwenye kompyuta. Ukifunga giaboksi kutoka gari jingine bila kuhamisha takwimu hizo, gari litatetema, litachelewa kuondoka, au litawasha taa na kukataa. Kwa hiyo anayebadili anahitaji kompyuta mpakato na programu, na mwenye vifaa hivyo kwa kawaida ameshajua kupima solenoidi moja moja na kusoma shinikizo la oili. Akigundua kwamba kilichokufa ni kipande kimoja, hana sababu ya kwenda Shaurimoyo.

Ndiyo maana katika miji mikubwa wameanza kuonekana mafundi wa giaboksi tu, wasiogusa breki wala suspensheni. Chumba chao cha ndani kina sakafu ya vigae na meza ya bati inayofutwa kila asubuhi. Pleti, sili na mikanda ya CVT sasa huagizwa China na Falme za Kiarabu kwa simu, na hufika kwa ndege. Baadhi yao wamepita VETA, mamlaka ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, ambayo pia huwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza kazi mtaani. Wengine ni wanafunzi wa wale wazee wa Land Rover. Wanapanga vipuri juu ya kitambaa safi kwa utaratibu ule ule vilivyotoka, na mteja anayeuliza kama wana giaboksi nyingine ya kumfungia wanamwambia aache gari hadi Alhamisi.